Neno "ikiwezekana" na mashua isiyo na taa

Jioni ile tulipotweka tanga nilikuwa na tochi, na nilijua kwamba sheria haikunidai zaidi ya hapo. Mashua yetu ilikuwa na urefu wa mita tano na nusu. Tulikuwa wawili, upepo wa kutosha, mwezi haukuwapo, na tochi nilikuwa nimeifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuiweka juu ya benchi, karibu na kana ya usukani. Saa saba na kitu usiku, mwenzangu akiwa amelala, niliona upande wetu wa kulia taa mbili nyeupe, moja juu zaidi ya nyingine, na chini yake nyekundu. Meli inakata mbele yetu kutoka kulia kwenda kushoto. Nikaendelea kuitazama. Baada ya muda zile nyeupe mbili zikaanza kusogeleana, zikapangana wima, na kando ya nyekundu ikachomoza ya kijani.

Anayejua kusoma taa za baharini anaelewa nilichoelewa: meli imegeuza uelekeo na sasa inanijia uso kwa uso.

Nikapapasa benchi. Mfuko haukuwapo. Mashua ilikuwa imelala kwa upepo, na tochi ilikuwa imeteleza hadi kwenye ngama, kule chini kabisa mashuani yanakokusanyika maji. Niliitafuta kwa mkono mmoja, kana nimeibana kwa goti, macho yakiwa chini wakati ambapo hayakupaswa kuwa chini hata kidogo. Nilipoipata nikaiwasha na kuimulika kwenye tanga. Tanga likang'aa jeupe, na tangu hapo sikuona kitu: si nyota, si dira, si meli. Nilibaki na masikio tu. Nilisikia mtambo wake kabla sijaiona tena, ikiwa imeshapita upande wetu wa kushoto, na mawimbi yake yakatufikia muda mfupi baadaye. Hadi leo sijui kama walituona, au kama ndio uelekeo waliokuwa wakiutaka tangu mwanzo.

Tangu usiku ule nimekuwa nikirudia kusoma kanuni ya 25 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, zilizopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977. Kanuni hiyo inakitaka chombo kinachokwenda kwa tanga kiwashe taa tatu: nyekundu ubavu wa kushoto, ya kijani ubavu wa kulia, na nyeupe nyuma kwenye tezi. Kisha inasema kwamba chombo cha tanga chenye urefu usiofika mita 7 kitawasha taa hizo hizo ikiwezekana. Isipowezekana, kiwe na tochi ya umeme au kandili iliyowashwa, yenye mwanga mweupe, tayari karibu na mkono, ionyeshwe mapema kiasi cha kuzuia kugongana.

Ugomvi wangu ni na hilo neno "ikiwezekana", au tuseme na namna tulivyozoea kulisoma. Wengi wetu wenye mashua ndogo tunalisoma kama ruhusa. Mimi pia nililisoma hivyo. Lakini ukilitazama vizuri, sentensi inaanza na wajibu. Tochi imewekwa kwa ajili ya yule ambaye kweli hana njia nyingine, na hoja yangu ni kwamba mtu huyo leo ni nadra sana kuliko alivyokuwa mwaka 1972.

Kwanza tuangalie taa hizi zinafanya kazi gani. Zile za ubavuni hazimuliki pande zote. Kila moja inaonekana kuanzia mbele kabisa hadi digrii 112.5 kwa upande wake, yaani kupita kidogo usawa wa ubavu kuelekea nyuma. Ile ya tezi inajaza digrii 135 zilizobaki. Ukijumlisha unapata mduara kamili wa digrii 360, bila pengo. Kwa mpango huo, yeyote anayekutazama kutoka popote, isipokuwa mbele kabisa, anaona rangi moja tu, na rangi hiyo inamweleza umempa ubavu gani. Akiona nyekundu anajua unaelekea kushotoni kwake. Akiona kijani, kuliani. Akiona zote mbili, uko mbele yake na unamjia. Na kwa kuwa chombo cha tanga hakiwashi ile taa nyeupe ya mlingotini ambayo chombo cha injini lazima kiwashe, anajua pia kwamba unakwenda kwa upepo. Uingereza ilizilazimisha meli zake za mvuke kuwasha nyekundu na kijani mwaka 1848, na lugha hiyo haijabadilika tangu wakati huo.

Sasa mweke afisa wa zamu juu ya meli, mbele yake giza, na chini kabisa karibu na maji anaona nuru moja nyeupe. Ni nini ile? Inaweza kuwa taa ya tezi ya chombo anachokifuata kutoka nyuma. Inaweza kuwa chombo kilichotia nanga. Inaweza kuwa kiboti cha injini kisichofika mita 7 na kisichozidi maili 7 za baharini kwa saa, ambacho kanuni inakiruhusu kuwasha nyeupe moja inayoonekana pande zote. Inaweza kuwa mtu anayepiga makasia. Inaweza kuwa mimi na tochi yangu. Majibu matano, na kila moja linamtaka aamue tofauti. Akidhani anakifuata chombo kinachoondoka mbele yake, atahesabu kwamba ana muda mrefu. Kumbe tunakaribiana.

Kanuni ya 18 inasema chombo cha injini kikipishe chombo cha tanga. Mabaharia wadogo tunaipenda sana kanuni hiyo. Lakini atakipishaje asichokijua kuwa ni tanga? Nuru nyeupe ya tochi haisemi neno lolote kuhusu tanga wala uelekeo. Kuimulika kwenye tanga kunasaidia, kwani kitambaa kikubwa kilichong'aa kinatambulika, ila mwenye usukani ndiye anayelipa. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na sekunde moja ya mwanga mkali inatosha kuharibu yote hayo.

Nisiidhulumu tochi. Tochi za siku hizi zina nguvu kubwa, na mwale wake ukimlenga mtu sawasawa unaonekana mbali kuliko taa ndogo ya ubavuni. Udhaifu wake uko kwenye mpangilio mzima. Taa iliyowashwa muda wote inamruhusu mwingine akuone hata kama wewe hujamwona. Tochi inangoja wewe umwone kwanza. Kanuni ya 5 inamtaka kila mmoja, mkubwa na mdogo, aangalie mbele kwa macho na masikio, ili uchovu wa mmoja ufidiwe na uangalifu wa mwingine. Ukisafiri kwa tochi peke yake umeondoa jozi moja ya macho katika mpango huo. Usalama wa pande zote mbili unabaki juu ya mtu mmoja aliyelowa, mwenye usingizi, ambaye tanga la mbele linamzibia karibu upande wote wa demani, ule upepo unakoelekea.

Muda wenyewe ni mfupi. Chukua meli inayokwenda maili 20 za baharini kwa saa na mashua inayokwenda 4, zikikabiliana. Maili moja kati yao inaisha kwa dakika mbili na nusu. Kanuni za ujenzi wa meli kubwa zinaruhusu sehemu ya maji mbele ya omo, yaani pua ya meli, ifichike kwa mtu aliye kwenye chumba cha usukani, hadi urefu wa meli mbili au mita 500, kutegemea kipi ni kifupi. Toa mita 500 kwenye ile maili na umebakiwa na chini ya dakika mbili za kuonekana, kisha unaingia chini ya pua ya meli na tochi yako haina wa kuitazama. Ndani ya dakika hizo mbili afisa anapaswa akuone, aelewe anachokiona, aamue, aamuru, na usukani uanze kuitii meli yenye uzito wa maelfu ya tani. Mimi nilitumia sehemu ya dakika hizo kupapasa ngamani.

Hata macho ya upande wa pili si ya kuyategemea bila mashaka. Agosti 2006 mashua ya tanga ya futi 25 iitwayo Ouzo ilipotea kusini mwa kisiwa cha Wight, Uingereza, na mabaharia wake wote watatu wakafa. Wachunguzi wa ajali za baharini wa nchi hiyo walifikia uamuzi kwamba kivuko kikubwa cha Pride of Bilbao ama kiliigonga au kiliipita karibu mno hata ikajaa maji au kupinduka. Miongoni mwa mambo waliyoyachunguza ni miwani ya aina inayojitia giza juani, kwa sababu vioo hivyo hupunguza mwanga unaolifikia jicho hata usiku. Jambo dogo kama kioo cha miwani! Anayedhani kwamba kule juu kuna mtu anayeona kila nuru hafifu, nuru ya ghafla ya sekunde chache, anaweka roho yake mahali pembamba.

Basi kwa nini msamaha huu uliwekwa? Naamini sababu kubwa ilikuwa umeme, na ilikuwa sababu ya haki. Balbu ya waya ndani ya taa ya rangi ni mfujaji: kioo chekundu au cha kijani kinazuia sehemu kubwa ya mwanga wake, kwa hiyo unalazimika kuanza na balbu kubwa. Taa ya rangi tatu ya kilele cha mlingoti, ile inayokusanya nyekundu, kijani na nyeupe ndani ya chombo kimoja na inayoruhusiwa kwa tanga la chini ya mita 20, ilizoea kutumia balbu ya wati 25. Kwa usiku wa saa kumi hiyo ni wati-saa 250. Betri ndogo ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ambayo mtu anaibeba kwa mkono mmoja, ina wati-saa 84. Ingezimika kabla hata saa nne hazijapita. Kumwambia mwenye mashua ya mita tano, isiyo na injini wala chaja, kwamba aizungushe betri ya lori usiku kucha lingekuwa agizo la kipuuzi.

Taa za LED zimeifuta hesabu hiyo. Taa ya rangi tatu ya LED inatumia takriban wati 2 au 3. Ile ile betri ya mkono mmoja inaiwasha usiku mzima na kubakiza. Na kinachodaiwa na kanuni ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani: kwa chombo cha chini ya mita 12, taa ya ubavuni inatakiwa ionekane maili 1 tu, na ya tezi maili 2. Kiambatisho cha kanuni kinaligeuza hilo kuwa kipimo cha nguvu ya mwanga: kandela 0.9 kwa maili 1, kandela 4.3 kwa maili 2. Kandela moja ni takriban mwanga wa mshumaa mmoja. Nguvu ya mshumaa mmoja wenye rangi, uliokingwa upepo na kuelekezwa upande wake: hicho ndicho tunachosema hakiwezekani.

Nimeambiwa, na watu ninaowaheshimu, kwamba hoja hii ni ya mtu mwenye mlingoti wa kisasa. Wana haki kwa sehemu. Tanga la pembetatu linaloning'inia kwenye foromali, ule mti mrefu unaolishika kwa juu, hupanda juu kuliko mlingoti wenyewe, na taa ya rangi tatu ikiwekwa kileleni inazibwa na kitambaa kwa upande mmoja. Kwenye chombo cha wazi kinachokaa chini majini, taa za ukingoni hupigwa na mawimbi, hunaswa na kamba, na huzibwa na tanga la mbele. Nakubali. Lakini jibu la hayo ni kuhangaika na mahali pa kuziweka: nguzo fupi mbili za mbao zinazochomekwa karibu na mlingoti, taa ya tezi kwenye kigingi nyuma ya usukani, kila moja na betri yake ya ndani ikibidi. Kazi ya alasiri moja. Ambaye kweli hawezi ni yule wa kihori cha kupiga makasia kutoka meli iliyotia nanga hadi ufukweni. Kwake msamaha ubaki kama ulivyo, na tochi yake aifunge shingoni kwa kamba.

Taa mbovu, hata hivyo, inaweza kudanganya vibaya kuliko tochi, na hapa nina malalamiko na sisi tulio na taa. La kwanza ni kuchomoa balbu ya waya na kuchomeka ya LED nyeupe ndani ya taa ile ile ya zamani. Vioo vile vya rangi vilitengenezwa kwa ajili ya mwanga wa njano wa waya unaowaka. LED nyeupe yenye ubaridi ina wekundu kidogo sana ndani yake, kwa hiyo nyekundu inatoka hafifu na kijani inaelekea buluu. Juu ya hayo nuru yake haitoki pale pale waya ulipokuwa, na mipaka kati ya rangi na rangi inachanganyika. Taa na balbu vilipimwa pamoja. Ukibadilisha kimoja, kipimo kimekufa. Nunua taa nzima iliyotengenezwa kwa LED.

La pili ni waya. Anayebaki na balbu za zamani ajue kwamba mwanga wake unaanguka haraka kuliko volti: kutoka volti 12 hadi 11 unapoteza karibu robo. Waya mwembamba wa mita nane na kiungo kimoja chenye kutu chini ya mlingoti vinatosha kukuondolea robo hiyo bila wewe kujua, kwa sababu kutoka pale ulipokaa taa bado inaonekana inawaka.

La tatu ni injini. Ukiiwasha injini, hata tanga likiwa bado juu, kwa sheria wewe ni chombo cha injini, na taa ya rangi tatu ya kileleni lazima izimwe, ziwashwe za chini pamoja na nyeupe ya mbele. Mara ngapi tunaingia bandarini kwa injini huku rangi tatu zikiwaka juu, tukimtangazia kila mtu kwamba tunabisha kwa upepo? Na zile taa za kumetameta zinazofungwa kileleni ili "waone tu", kanuni ya 36 inataka ziepukwe kabisa. Anayeziona hajui kama ni boya, ajali, au nini.

Yapo na ya redio. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa onyo kwamba baadhi ya taa za LED zinavuruga redio za VHF, zile za mawasiliano ya baharini, na mitambo ya AIS, inayotangaza kwa redio chombo ni kipi na kiko wapi, hasa zikiwa karibu na antena. Kuipima ni rahisi: weka redio kwenye chaneli iliyo kimya, punguza kizuia kelele hadi kelele isikike, kiongeze hadi ikate tu, kisha washa taa. Kelele ikirudi, umempata mchawi. AIS yenyewe ni msaada mkubwa kwa mwenye uwezo nayo, lakini inamfikia tu yule mwenye kipokezi kilichowashwa na anayekitazama, ilhali taa inamfikia hata mvuvi aliye peke yake.

Kuna kipimo kimoja kwenye kiambatisho ambacho ningependa kila mwenye tanga akijue kabla ya kununua. Mashua ya tanga haikai wima kama meli. Kanuni inalijua hilo: taa ya chombo cha tanga inatakiwa itoe nguvu yake kamili kwa digrii 5 juu na chini ya mlalo, na angalau nusu ya nguvu hiyo hadi digrii 25. Ukilala zaidi ya digrii 25, hakuna anayekuahidi chochote. Taa ya upande wa demani inamulika maji na ya upande wa pili inamulika mawingu. Upepo ukizidi usiku, kupunguza tanga mapema ni sehemu ya kuonekana.

Nimefunga taa kwenye ile mashua ya mita tano na nusu. Mbili za ubavuni juu ya nguzo fupi, moja ya tezi, betri ndani ya sanduku lililofungwa mpira. Usiku wa kwanza tulitia nanga kwenye maji tulivu, nikamwacha mwenzangu ndani, nikachukua kihori nikaizunguka kwa makasia taratibu, umbali wa mita hamsini hivi. Nilianzia tezi: nyeupe. Nikaja ubavu wa kulia: nyeupe ikakatika na kijani ikajitokeza, safi. Nikaelekea mbele, nikaupita mstari wa omo, na kijani ikaendelea kuniangalia. Nilipiga makasia kumi zaidi na bado ilikuwapo, pamoja na nyekundu, mahali ambapo nilipaswa kuona nyekundu peke yake. Kanuni inaruhusu nuru ivuke mstari wa mbele kwa digrii 1 hadi 3 tu. Yangu ilikuwa ikivuka kama 15, kwa kuwa nguzo ilikuwa imepinda ndani kidogo. Meli yoyote ambayo ingenikaribia kutoka pembe ile ingesoma kwamba naijia uso kwa uso. Nikarudi, nikamwomba mwenzangu aishike nguzo, nikaanza kukata kipande cha ubao cha kuziba mbele ya ile taa.